Etyudi 8 za Kapustin: skani ya bure iliniponza

Nimekaa na hiki kitabu miezi mitano hivi, sasa naweza kusema. Ni zile Etyudi Nane za Konseti (vipande vya piano vya kunoa ufundi wa vidole) za mtunzi Nikolai Kapustin, opus 40, yaani kazi yake namba 40, kaziandika 1984, nilichonunua ni chapa ya wachapishaji Schott. Kama humjui huyu mzee, ukimsikiliza utaapa ni mtu wa jazi kakaa kwenye piano anajitungia papo hapo, kumbe wapi, kila noti imeandikwa, na mwenyewe alikuwa anakana kabisa kwamba ni mwanajazi, kasomea piano ya klasiki Moscow kwa mwalimu Goldenweiser.

Hapo ndo nilipojikwaa. Mwanzoni nilishusha skani ya bure kwenye tovuti moja, kurasa zimelala upande, ukingo wa chini umekatwa, nikasema aah si jazi hii, pasiposomeka nitabahatisha. Wiki tatu nzima naifanyia mazoezi ile ya kwanza, kuna besi moja mkono wa kushoto inanikera, nikajua ndo utamu wenyewe, kuja kushika kitabu halisi naona pale pana bemoli, ile alama ya kushusha noti nusu toni!! Kwenye skani ilikuwa kijidoa tu kama uchafu wa nzi. Kuvisahaulisha vidole ilikuwa kazi kuliko kuvifundisha.

Halafu ile bure yenyewe si halali, mzee kafariki 2020 na nchi nyingi hakimiliki inakwenda miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo msisubiri. Kama hela imebana ulizeni maktaba za vyuo vya muziki.

Kitabu chenyewe noti ni safi, zina nafasi, penseli inapata pa kuandika, na mimi naandika sana. Ila kugeuza ukurasa ni balaa, mikono yote miwili iko bize, nimeishia kukariri mistari ya mwisho ya kila ukurasa. Ya tatu, Toccatina, noti inagongwa na kugongwa mpaka kiganja kinawaka moto, usiikaze. Ya tano ina ladha ya bluzi, ndo naipenda kuliko zote.

Ya saba inaanza kivivu ukadhani umeokoka, halafu mkono wa kulia unamwagiwa noti mbilimbili kwa pamoja, mbio. Bado niko metronomu 60 (mapigo 60 kwa dakika), na jirani keshaanza kuipiga mluzi, tena kwa tempo yake sahihi.