Welch na Dickey, New Hampshire: mzunguko mfupi unaotaka viatu vizuri na mwamba mkavu

Kwenye ramani ni mzunguko wa kilomita 7 tu, ndani ya Msitu wa Taifa wa White Mountain, jimbo la New Hampshire, Marekani, wenye vilele viwili: Welch, mita 794, na Dickey, mita 833. Aliyezoea vilima vya Ngong akisoma tarakimu hizo atadhani ni matembezi ya kushushia chakula cha mchana. Siyo. Mpando wote ni kama mita 550, na sehemu yake ngumu imebanwa kwenye kilomita chache za mwamba mtupu wa graniti. Mwenye mwendo atamaliza kwa saa tatu. Familia yenye watoto ijipangie saa tano.

Kwa wenzetu wanaoishi Manchester na Concord, miji ya jimbo hilohilo, ni safari ya asubuhi moja. Shika barabara kuu ya I-93 kwenda kaskazini, toka kwenye njia ya kutokea namba 28, fuata Barabara 49 kuelekea Waterville Valley, kata kushoto Upper Mad River Road, vuka mto, kisha kulia Orris Road. Maegesho ni dola 5 kwa siku. Jumamosi za kiangazi yanajaa mapema, kwa hiyo uwe umefika kabla ya saa mbili asubuhi.

Jambo la kwanza la kuamua liko hatua chache tu kutoka kwenye gari, pale njia inapogawanyika. Shika ya kulia, uanze na Welch. Wanaoanza kushoto hujikuta wanateremka mabamba ya mwamba yenye mteremko mkali ya Welch magoti yakiwa yamechoka, wakati mabamba hayohayo yanapandika vizuri sana kwa anayetoka chini. Mwanzoni ni msitu wa kawaida, wenye kivuli, mizizi na kijito kando. Kisha njia inakata kulia kwa ghafla, na baada ya kama kilomita 2 miti inaachia: unatokea kwenye uwanda wa mwamba, na bonde lote la Mad River liko chini yako. Wenye watoto wadogo wanaweza kuishia hapa na kurudi bila kujuta. Utaona sehemu zimezungushiwa mawe. Usikanyage ndani yake, maana udongo ni tabaka jembamba juu ya mwamba, na mmea uking'oka huchukua miaka mingi kurudi.

Kuanzia hapo mpaka kilele cha Welch ndipo kuna kazi. Kosa linalowaangusha wengi ni kuogopa na kuulalia mwamba. Mwili ukiinama mbele, uzito unatoka kwenye soli na mguu unateleza. Simama wima, kanyaga kwa soli nzima, piga hatua fupi. Fimbo zikunje uzifunge kwenye begi, mikono utaihitaji. Viatu viwe na soli ya mpira laini yenye meno. Raba za mjini zilizolika hazifai hapa. Tena angalia michirizi myeusi kwenye mwamba: hapo ndipo maji hupita, na ikilowa huwa kama sabuni. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha. Huu ni mlima wa siku kavu.

Alama ni za rangi ya njano, na nyingi zimepakwa juu ya mwamba wenyewe, si kwenye miti. Jua likiwaka kwa ukali macho huzipita. Ukitembea hatua thelathini bila kuiona nyingine, rudi kwenye ya mwisho. Usibuni njia, kwa sababu mabamba mengine huishia kwenye genge.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni misonobari mifupi ya Welch, ile wataalamu waiitayo Pinus banksiana, iliyojikunja kwenye nyufa. Shika koni yake: ngumu, imepinda, imezibwa kwa utomvu. Nyingi hukaa hivyo miaka mpaka joto la moto wa msitu lizifungue.

Kutoka Welch unashuka kwa ghafla hadi kwenye bonde dogo kati ya vilele viwili, lenye rundo kubwa la mawe (wengine hukaa chini na kujiburuta, wala si aibu), halafu unapanda tena Dickey. Mteremko wa Dickey ni mrefu na wa taratibu, lakini kuna mahali unatembea kandokando ya genge. Watoto washikwe mkono.

Maji lita 2 kwa kila mtu, kwani juani juu ya mwamba hakuna kivuli. Radi za mchana ni za kawaida kiangazi, hivyo uwe umeshaviacha vilele ifikapo saa saba. Juni inzi weusi na mbu wanasumbua, na kupe wapo msimu mzima: vaa soksi ndefu, ukirudi kwenye gari kagua nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele.