Chumba chenye roshani kwenye meli ya kitalii: upepo tele, sitara haba

Kwa wenye haraka, nitoe hukumu kwanza. Ukipata safari ya meli ya kitalii inayochukua abiria pale bandari ya Kilindini, Mombasa, chumba chenye roshani kinastahili pesa ya ziada. Ila usikilipie kwa ajili ya faragha. Tangazo lilituahidi roshani ya peke yetu. Kilichokuwa chetu peke yetu ni viti viwili, kimeza cha kuwekea kikombe, na upepo. Macho na masikio pale ni mali ya wote.

Nilisafiri na mamangu, mtu wa Kibokoni katika Mji wa Kale wa Mombasa, majira ya kaskazi: Mombasa, Unguja, Nosy Be kule Madagascar, kisha kurudi. Jina la kampuni naliacha, maana mengi nitakayoyasema yanahusu abiria na namna meli hizi zinavyojengwa.

Baina ya roshani na roshani mna kiambaza chembamba. Chetu hakikugusa dari wala sakafu, chini kulikuwa na mwanya wa kupitisha maji, na upande wa baharini kiliishia palepale kwenye reli. Mtu akiegemea reli na kuinama kidogo, ameziona roshani za jirani zake mpaka mwisho wa meli. Mbele, chini ya reli, ni kioo kitupu. Mamangu alisimama mlangoni, akatazama kile kioo, akaniuliza: "Kwa hiyo chumbani mwangu mwenyewe nikae na buibui?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mtu aliyekulia Mji wa Kale amezoea roshani za mbao zenye kimia, ambazo aliye ndani huiona njia yote na mpita njia haoni kitu. Fundi wa zamani alimfikiria mwanamke aliyekaa ndani na jirani aliye ng'ambo ya kichochoro. Aliyechora meli yetu alifikiria bahari, basi.

Na bahari yenyewe haiko tupu kama picha za matangazo zinavyoonyesha. Meli ikiwa imefunga gatini, roshani za upande mmoja zinatazamana na gati, yaani makuli, askari wa bandari, madereva wa mabasi ya watalii. Mzee mmoja wa Kizungu, sitaha ya chini yetu, alitoka kunyoosha viungo na taulo tu kiunoni, na taulo lenyewe halikuwa na nia ya kukaa. Makuli walipata sinema ya bure. Tulipong'oa nanga ilikuwa zamu yetu. Chumba chetu kilikuwa ubavu wa kushoto, kwa hiyo tulipopita kivuko cha Likoni kisiwa cha Mombasa kilikuwa mbele yetu, na pale ufukoni Mama Ngina watu wamejipanga ukingoni, mihogo mkononi, simu juu. Mimi ni miongoni mwa wanaokwenda pale jioni kutazama meli zikitoka, najua kabisa huwa tunatazama nini. Mama alijitanda vizuri, akawapungia mkono wote kama malkia.

Hata mkiwa katikati ya maji, kumbuka kwamba ncha za daraja la nahodha, yaani chumba cha kuongozea meli, hutokeza nje ya ubavu wa meli, ili maofisa waone vizuri wakati wa kufunga gatini. Aliyesimama pale anaziona roshani zote za ubavu ule. Na meli nyingi zina sitaha za nyuma zilizopangwa kama ngazi, wa juu anamwona wa chini mpaka alichopakua kwenye sahani.

Sasa majirani. Upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, tulipata familia kutoka Nairobi iliyochukua vyumba viwili. Mhudumu wao aliwafungulia kiambaza cha katikati, jambo linalowezekana kwenye meli nyingi ukiomba, na watoto wakapata uwanja wa mbio. Kelele za watoto sikuzijali. Baba yao ndiye aliyefanya biashara kwa simu kila palipokuwa na mtandao, sauti juu, na kabla hatujafika Unguja tulikuwa tunajua bei ya ploti yake ya Kilifi, anadaiwa kiasi gani, na kwamba dalali wake si mtu wa kuaminika. (Kwa maelezo niliyoyasikia, nakubaliana naye kuhusu dalali.)

Hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni kichwa. Mama huamka alfajiri, akishasali hupenda kukaa nje na chai yake, kichwa wazi, nywele zikipigwa na upepo. Tukiwa njiani kwenda Nosy Be, jua linachomoza upande wetu, mara kichwa cha baba yuleyule kikazunguka kiambaza, simu mbele, anatafuta picha. Mama alishika mtandio, akasema kwa sauti ya kutosha: "Mwanangu, huku hodi haipigwi?"

Kichwa kilirudi mbio. Lakini kesho yake mkono wenye simu ulitokeza tena. Sikwenda mapokezi. Nilimngojea kwenye lifti, nikamwambia: "Kaka, samahani. Asubuhi mama huwa amekaa pale bila mtandio. Ukitaka kupiga picha, tuite kwanza." Alishtuka kweli. "Pole sana, dada. Nilidhani wote mmelala." Tangu hapo, kila asubuhi, kutoka nyuma ya kiambaza: "Hodi mama! Jua limetoka!" Naye mama: "Subiri baba, nijitande... haya, karibu." Mpaka safari ilipokwisha walikuwa wanapitishiana kashata na biskuti ukingoni mwa kiambaza, na mama alishampa ushauri kuhusu dalali.

Upande wa omo, yaani mbele ya meli, hali ilikuwa nyingine. Kuna mtu aliyekuwa akivuta sigara usiku. Meli inapokwenda, upepo wake unatoka mbele, kwa hiyo anayevuta yuko omo na anayemeza moshi yuko tezi. Hapa sikutafuta maneno ya lifti, nilipiga simu mapokezi moja kwa moja, na nashauri ufanye hivyo. Kampuni nyingi kubwa zimepiga marufuku sigara roshanini, na si kwa sababu ya harufu peke yake. Machi 2006 meli iitwayo Star Princess ilishika moto ikielekea Jamaica. Wachunguzi walisema chanzo kinachoelekea kuwa cha kweli ni kishungi cha sigara kilichoangukia roshanini. Moto ulirukia roshani baada ya roshani, sitaha baada ya sitaha, kwa sababu viambaza na samani zilikuwa za plastiki inayowaka. Abiria mmoja alifariki. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na kuanzia Julai 2008 zikadai viambaza visivyowaka roshanini. Kwa hiyo ukimripoti mvutaji wa roshani ya jirani, hujachongea mtu. Mapokezi waliniambia ahsante, na harufu ikakatika usiku uleule.

Kuna madogo ambayo hakuna anayekuambia mapema. Viti ni vizito na mguu wa kiti ukiburutwa alfajiri unasikika vyumba vitatu, kiinue. Usifungue mlango wa roshani pamoja na ule wa ukumbini, upepo utapita kama bomba na mlango utapiga kishindo cha kuamsha sitaha nzima. Taa ya nje izime usiku, jirani anatafuta nyota. Nguo za kuogea usianike kwenye reli, zinapeperuka, na kampuni zenyewe zinakataza. Spika ya muziki iache nyumbani. Mwenzetu mmoja aliileta, na taarabu ninaipenda, lakini si saa sita usiku kupitia kiambaza.

Nikikata tiketi tena nitauliza maswali ambayo safari hii sikuyauliza wala sikuambiwa majibu yake: kiambaza kinafika dari? Mbele ni kioo au chuma? Meli kama Queen Mary 2 ina roshani zilizokatwa ndani ya ubavu wa chuma, ukikaa hupati kuiona bahari kama ya kioo, lazima usimame, lakini hakuna wa chini atakayeona miguu yako. Kwa mwanamke anayetaka kukaa bila mtandio, hiyo ni bora kuliko kioo. Chagua sitaha ya katikati, epuka zile za nyuma zenye ngazi, na tazama ramani ya meli uone nani yuko juu yako. Siku ya kwanza jitambulishe kwa majirani wa pande zote mbili. Sisi tulifanya hivyo upande mmoja tu, tena kwa kuchelewa.

Nyota ninatoa nne kati ya tano. Mama anasema mbili. Safari ijayo, kasema, nimchukulie chumba cha dirisha, na roshani nikae mimi na akina kaka wa ploti.