Migebuka chini ya baraza la kale, Kigoma mjini

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na shughuli zilizokuwa Ujiji zikaanza kuhamia kwenye stesheni na bandari. Mgahawa niliokula Jumamosi umefunguliwa katika duka kuukuu la enzi za ukoloni, mwendo mfupi kutoka stesheni hiyo. Mwenye nyumba amefanya busara kuacha milango ya mbao ya kukunjwa, ambayo komeo lake la chuma limelika katikati kwa kushikwa miaka mingi, pamoja na baraza pana linalofanya feni isihitajike hadi adhuhuri. Kosa lake ni rangi ya mafuta: kuta za mawe na chokaa huhitaji kupumua, na sasa unyevu ulionaswa umeanza kuitoa rangi magamba nyuma ya kaunta, ilhali chokaa ingekuwa nafuu zaidi. Migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) ya kukaanga ilikuwa ya kuvuliwa karibuni, imekauka vizuri bila kuungua, na ugali wa muhogo ulikuwa laini. Chai, kwa kweli, ilikuwa maji ya sukari. Nilisubiri dakika arobaini, lakini pale barazani sikuona uchungu wa kusubiri.