Mbuzi wa nyama: ununue wa aina gani? Nimewapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho

Swali ninaloulizwa sana ni hili, kaka nina hela kidogo nataka kuanza mbuzi wa nyama, ninunue Boer, wale wakubwa wa Afrika Kusini? Na mi huwa najibu swali kwa swali, majani unayo kiasi gani na nani atakaa nao? Aina ya mbuzi inakuja baada ya hapo. Nafugia huku Dodoma, majani mabichi yapo miezi minne mitano alafu ni jua na vichaka, kwa hiyo huu mpangilio ni wa mtu wa sehemu kavu, aliyeko Lushoto au Rungwe kwenye baridi na mvua aupime na hali yake.

Namba moja, na hapa sitetereki, ni majike wa kienyeji na beberu chotara wa Boer. Watu wanawadharau hawa mbuzi wetu kwa udogo, na kweli jike mzima anacheza kilo 25 hadi 35 tu, lakini huyo mbuzi anakula majani ya migunga yenye miba, anatembea mbali kufuata maji, anazaa mwenyewe usiku asubuhi unakuta mtoto ameshasimama ananyonya, na pacha kwake ni kitu cha kawaida. Kinachopungua ni mwili, na mwili unauleta kwa dume. Beberu mmoja anatosha majike 25 mpaka 30, maana yake nusu ya damu ya watoto wote wa mwaka inatoka kwa mnyama mmoja, sasa hela nyingi utaiweka wapi kama sio hapo? Nimeona mtu kanunua majike wa bei mbaya alafu beberu anaazima kwa jirani, kumbe ndo baba wa hao hao majike, watoto wanatoka wamedumaa anasema mbuzi hawalipi. Chotara wa nusu damu anatosha kabisa kuanzia, anavumilia jua na kupe kuliko Boer kamili na watoto wake unawaona tofauti wakiwa bado wananyonya, mgongo mpana na mapaja yamejaa. Baada ya miaka miwili mbadilishe au badilishaneni na mfugaji wa mbali, asije akapanda binti zake.

Namba mbili ni Galla. Wenzetu wa Kenya ukiwaambia Galla ni wa pili watakukatalia, na kwao Isiolo na Garissa wako sahihi, huyu ni mbuzi wa ukame hasa. Jike anafika kilo 45 hadi 55, beberu anaweza kugonga 70, maziwa ya kulea mtoto yapo ya kutosha na meno yake yanadumu, kuna majike wanazaa mpaka miaka 10. Nimemshusha kwa sababu moja tu, huku kwetu ukienda kutafuta Galla unauziwa mbuzi yeyote mweupe. Mwangalie pua, kwato na ngozi ya chini ya mkia, kwa Galla hizo sehemu ni nyeusi, na mwili wake ni mrefu. Akiwa mweupe ila pua ya pinki, lipa bei ya kienyeji au uondoke.

Namba tatu ni mbuzi wa Malya, na inaniuma watu kutomjua maana ni wa kwetu kabisa. Alitengenezwa Malya huko Mwanza kwa kuchanganya Kamorai wa Pakistani asilimia 55, Boer 30 na wa kienyeji 15. Ana mwili, anavumilia, na maziwa kidogo unapata. Kumpata ndo kazi, ukisikia shamba la serikali au kituo cha utafiti wanatoa, usisubiri kesho.

Boer kundi zima la damu kamili nawaweka wa nne. Mbuzi wa Afrika Kusini, mweupe kichwa cha kahawia, beberu aliyeshiba anavuka kilo 100 bila shida. Aliyeshiba, hilo neno ulisome mara mbili. Zile kilo ni za chakula, bila pumba, mashudu, jiwe la chumvi na dawa kwa wakati unabaki na mbuzi mrefu wa mifupa. Kama una maji, una banda la kichanja na bwana mifugo yuko karibu, nunua.

Wa tano ni kununua madume waliokonda, unahasi, unanenepesha miezi mitatu unauza. Hela inazunguka haraka ila kundi halikui. Ukilenga Idd ya kuchinja kumbuka inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mbuzi wa kuchinja siku hiyo awe ametimiza mwaka, asiwe kilema wala chongo wala mgonjwa, wanunuzi wa Idd wanakagua kuliko wewe.

Wa mwisho ni madume wa aina za maziwa, Saanen na Toggenburg, wanaouzwa rahisi kwa jina la mbuzi wa kisasa. Kwa nyama waache.

Sasa hata hiyo namba moja ukichagua mbuzi mbovu ni bure. Usiangalie tumbo, kuna watu wanawalambisha chumvi wanawanywesha maji asubuhi ya mnada, tumbo linajaa. Pitisha mkono mgongoni na mbavuni, usikie nyama. Fungua mdomo, mbele mbuzi ana meno manane ya chini tu, juu hana, yakiwa yote madogo hajafika mwaka, mawili makubwa katikati ni mwaka na kidogo, manne kama miaka miwili, manane yote makubwa ameshafika mitatu minne kwenda juu. Jike chukua wa meno mawili au manne. Vuta kope la chini, ndani liwe jekundu au pinki iliyokolea, likiwa jeupe kama karatasi minyoo imeshamnyonya damu. Kiwele kikamue kidogo, kiwe laini bila mabonge. Beberu korodani zote mbili ziwe zimeshuka na ziwe sawa, na kama hana pembe tangu azaliwe usimpandishe majike wasio na pembe, baadhi ya watoto wanatoka huntha, si dume si jike.

Na bei usikubali ya kukisia kwa macho, nenda na mzani wa kuning'iniza. Mbuzi wa kilo 30 mzima anakupa nyama kilo 13 hadi 15 hivi, piga hesabu hapo hapo.

Kwa majike ningekuambia nenda nyumbani kwa mfugaji uone mama yake na pacha wake. Jike anayezaa vizuri mtu hampeleki mnadani, labda Januari ada za shule zimembana, na huo mwezi ndo mi napata majike wazuri.

Mwaka wangu wa pili nilinunua sita mnadani nikawachanganya na wangu jioni hiyo hiyo. Mmoja alikuwa anakohoa kidogo, dalali akaniambia ni vumbi la gari. Ilikuwa homa ya mapafu, ndani ya wiki tatu nilifukia tisa, wanne kati yao wana mimba. Sasa wangu wanachanjwa homa ya mapafu kila mwaka na sotoka ya mbuzi na kondoo pia, na mgeni yeyote anakaa banda la pembeni siku 30, anakunywa dawa ya minyoo, ana ndoo yake ya maji, na kijana anawahudumia wa nyumbani kwanza ndo anaenda kwa wageni.