Uzoefu wangu: kufufua Land Rover Defender 110 ya 300Tdi kwa bajeti ndogo

Mtu mwenye bajeti ndogo anayetaka gari kuukuu la porini ningemwelekeza kwenye Defender 110 ya 300Tdi, na nasema hivyo nikijua fika jinsi gari hili linavyovuja. Injini yake, hiyo 300Tdi, ni dizeli ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 111 na mvuto wa Nm 265 unaopatikana mapema, kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Ilianza kufungwa kwenye Defender mwaka 1994, na haina kompyuta. Pampu ya dizeli ya Bosch inahitaji umeme kwenye waya mmoja tu, ule wa solenoidi ya kuzimia. Mengine yote ni spana, grisi na subira. Vipuri vinapatikana Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, vipya na vya mtumba, na mafundi wanaoijua hawajaisha.

Kinachokula pesa zaidi si vipuri. Ni kufungua sehemu ileile mara mbili. Ndiyo maana nazipanga kazi kwa kuangalia vitu vinavyofikika pamoja, na chombo kikishafunguliwa sikifungi mpaka kila kinachochakaa humo kimebadilishwa.

Anza mbele ya injini. Chini ya kava la taimingi kuna tundu dogo ambalo huzibwa kwa bolti wakati wa kuvuka maji. Liangalie kabla hujafungua kitu chochote. Ukikuta unga mweusi wa mpira, mkanda wa taimingi unasagika. Injini za mwanzo zilikuwa na kasoro ya mpangilio wa puli, mkanda ukawa unasogea na kuliwa ukingoni. Hapo mkanda mpya peke yake ni hasara, utaliwa vilevile. Nunua seti kamili ya marekebisho yenye gia ya kranki na tensheni. Ukikuta oili, ni sili ya kranki au ya kemshafti, na mkanda uliolowa oili haurudishwi hata kama unaonekana mzima. Muda wa mkanda ni takriban km 120,000, nusu yake kwenye vumbi. Barabara zetu zihesabu vumbi. Mkanda ukikatika, mara nyingi pushirodi (fito zinazosukuma valvu) ndizo hupinda kwanza na kuokoa valvu, lakini hiyo ni bahati, usiipangie bajeti.

Nati ya feni ni ya mm 32 na ina uzi wa kinyume: inafunguka kwa kuizungusha mshale wa saa unavyokwenda. Nimeona rejeta zimetobolewa kwa sababu ya kutolijua hili tu. Feni na rejeta vikiwa nje, badilisha pampu ya maji na ile gasketi yenye umbo la P iliyo nyuma ya mabano yake. Gasketi hii huvuja polepole, maji yanakauka kwenye injini ya moto bila kuacha dimbwi chini, na mwenye gari anaendelea kuongeza maji kila asubuhi mpaka siku injini inachemsha. Bolti ya puli ya kranki hukazwa Nm 80, kisha digrii 90 zaidi. Hapo tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si bomba refu na makadirio.

Mfumo wa maji ndio uhai wa injini hii, kwa sababu hedi ni ya alumini. Kizibo cha plastiki juu ya nyumba ya thamostati hukakamaa kwa joto, kikapasuka na kumwaga maji yote ndani ya dakika chache. Weka cha shaba. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja hapa, na ndicho ningekinunua kwanza. Usijaze maji ya kisima. Chumvi yake inaila alumini kutoka ndani. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, na wakati wa kujaza fungua kizibo hicho hewa itoke, la sivyo geji itaonyesha kawaida huku hedi inaungua.

Kama gasketi ya hedi imeshaungua, hesabu matundu madogo ya utambulisho pembeni ya gasketi iliyotoka, kisha nunua yenye idadi ileile. Matundu hayo yanaonyesha unene. Muuzaji atakuambia zote ni sawa, si sawa. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, na ikaguliwe nyufa kati ya valvu kabla hujalipia kazi nyingine yoyote. Bolti zote zikazwe Nm 40 kwa mpangilio kutoka katikati kwenda nje, kisha digrii 60, kisha digrii 60 tena, na zile ndefu za mm 140 ziongezwe digrii 20. Valvu zirekebishwe mm 0.20, zote, injini ikiwa baridi.

Ukishusha gia boksi kwa ajili ya klachi, usiipandishe bila kubadilisha uma wa klachi. Uma wa asili ni bati jembamba, na kichwa cha egemeo huutoboa siku moja bila taarifa. Pedali inaenda chini na gari halitoki. Uma ulioimarishwa unauzwa, lakini bajeti ikibana, kuchomelea kipande cha bati nene mgongoni mwa lile eneo la egemeo kunafanya kazi ileile, nami naona hiyo ni akiba halali. Badilisha pia sili ya nyuma ya kranki na sili ya mbele ya gia boksi, kwa kuwa ziko mbele ya macho yako.

Gia boksi ya R380 haitaki oili nzito ya gia namba 90. Inatumia ATF (oili nyepesi ya gia boksi za otomatiki) au MTF, oili maalumu ya gia boksi za mkono. Namba 90 ni ya LT230, boksi ya pili inayogawa mwendo kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na ya difu. Kosa hili liko kila mahali: gari linaletwa likilalamika kuwa gia ya pili haiingii asubuhi, fundi anashauri kununua boksi ya mtumba, kumbe lilihitaji kumwagwa oili tu. Halafu toa kava dogo nyuma ya LT230 uchungulie mahali shafti kuu inapoingia kwenye gia. Ukiona vumbi jekundu kama kutu, meno yanajisaga makavu na gari litabaki bila mwendo muda si mrefu. Gia mpya utakayoweka iwe ile iliyotobolewa njia za oili.

Ekseli ya mbele nitaieleza kwa ufupi. Zile tufe za kromu nyuma ya magurudumu zikiwa na vishimo vya kutu, sili mpya itakatwa mara moja. Jaza vishimo kwa gundi ya epoksi, piga msasa mwembamba mpaka kucha isikwame, kisha funga sili na ujaze grisi laini maalumu, takriban theluthi ya lita kila upande, badala ya oili. Usukani ukitetemeka ghafla baada ya shimo, kagua bushi za panhadi (fimbo inayozuia ekseli kwenda pembeni) na tairodi (fimbo za usukani) kabla ya kulaumu matairi. Bushi za mikono ya mbele nashauri za mpira asilia. Zile ngumu za poliyurethani zinabana ekseli isijikunje vizuri kwenye mawe.

Chasisi igongwe kwa nyundo, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayoshika bodi. Mlio mzito unamaanisha kutu au tope lililojaa ndani. Kata mpaka chuma safi, weka bamba la mm 3, na chomoa betri na alteneta kabla ya kuchomelea. Kuweka bamba juu ya kutu ni kulipia kazi ileile baada ya masika mawili. Lami nene ya kupaka nje siipendekezi, inafunika maji. Pulizia nta au oili ndani ya mabomba ya chasisi. Na popote alumini ya bodi inapogusana na chuma, weka kipande cha mpira katikati, maana vyuma hivyo viwili vikikutana na unyevu huliana.

Kuhusu feki: nakubali vipuri vya bei nafuu kwenye milango, taa, bushi za bodi na nyaya za breki ya mkono. Sikubali kwenye mkanda wa taimingi, pampu ya maji, silinda za breki, beringi za magurudumu na sili za kranki. Beringi ya Timken ya mtumba iliyosafishwa na kukaguliwa, yenye njia laini isiyo na madoa, naiamini kuliko mpya isiyo na jina. Pampu ya dizeli usiiguse kama gari linawaka vizuri; moshi mweusi mwingi mara nyingi ni filta ya hewa, hozi ya tabo iliyopasuka au nozeli chakavu.

Rangi, viti na matairi makubwa visubiri. Gari likishatembea km 500, rudi chini na spana: kaza upya nati za propela, bolti za mikono ya ekseli na klipu zote za hozi. Angalia pia oili ya difu kama haijageuka rangi ya maziwa. Ikiwa imegeuka, maji yanaingia kupitia vali ya kupumulia ya ekseli, na bomba la mpira lililopandishwa juu mpaka kwenye boneti linatosha kulimaliza tatizo.