Kadi haina kosa, draiva yake ndiyo iliyonitoa roho

Na kadi yenyewe ya michoro sina ugomvi. Ninachotaka kukieleza ni draiva yake ya Linux, yaani programu inayouwezesha mfumo huo wa kompyuta kuitumia kadi, ambayo mtengenezaji anaitangaza kwa mbwembwe kwenye boksi, na majibu niliyopewa iliponigeuka.

Hivi karibuni nilisasisha mfumo kama kawaida, na kwa kuwa kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, haianzi kutumika mpaka kompyuta iwashwe upya, niliendelea na kazi bila kuhisi chochote. Nilipoiwasha upya, badala ya dirisha la kuingilia nilikuta skrini nyeusi tii, na kistari kimoja kikiwakawaka kwenye kona ya juu kushoto. Nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 nikafika kwenye terminali, skrini ya kuandikia amri, nikaandika lsmod, amri inayoorodhesha moduli (vipande vilivyopakiwa ndani ya kerneli), na moduli ya draiva haikuwamo. Nilipoiita kwa modprobe, amri ya kupakia moduli, nikajibiwa kwamba haionekani popote katika saraka ya kerneli hiyo.

Sababu niliikuta kwenye faili la make.log, kumbukumbu ya ujenzi wa moduli, chini ya /var/lib/dkms. Moduli isiyokuwa sehemu ya kerneli hulazimika kuundwa upya kwa kila toleo, kazi ambayo DKMS, programu ya kujenga moduli, huifanya yenyewe. Kerneli, hata hivyo, haijawahi kuahidi kwamba funksheni zake za ndani (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) hazitabadilika, na msimbo wa draiva hii uliita funksheni ambayo vigezo vyake (thamani inazopewa inapoitwa) vilikuwa vimeshabadilishwa, ujenzi ukakwama hapo hapo. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba draiva hii, inaposakinishwa, huweka faili dogo katika /etc/modprobe.d linaloizuia draiva huria iliyomo ndani ya kerneli. Yaani imemfukuza mlinzi wa zamu, kisha yenyewe haikutokea kazini.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikawaambatishia logi nzima (lile faili la make.log) na mstari wenye kosa nikiwa nimeuonyesha. Jibu lilikuwa hili: “Ndugu mteja, tatizo liko upande wako. Sakinisha upya mfumo wote, au tumia Windows.” Aliyeandika hivyo hakufungua logi, kwa sababu angeifungua angeona kwamba kosa limo ndani ya msimbo wao, katika faili lenye jina la kampuni yao juu kabisa. Nilipomjibu kwa adabu, shauri langu likafungwa na kuandikwa kuwa ni kosa la mtumiaji.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwa kerneli ya zamani, niliyoichagua kwenye menyu ya GRUB inayotokea kompyuta inapowaka, na tathmini yangu ilikuwa nyota moja, tena kwa shingo upande. Baadaye wakatoa toleo jipya la draiva. Nililisakinisha, moduli ikajengwa bila lalamiko, na lazima niseme kweli: skrini zangu mbili zinafanya kazi vizuri kuliko zamani, video hazikatiki, na kompyuta ikiamka usingizini picha inarudi mara moja. Nikapandisha hadi nyota nne.

Kisha nikasoma maelezo ya toleo hilo, nikaona funksheni ile ile niliyowaonyesha imetajwa kuwa imerekebishwa, ilhali shauri langu bado linasomeka kosa la mtumiaji. Basi ni nyota mbili, na zote mbili ni za kadi. Ukiinunua, usiifute kerneli ya zamani.