Laptopu au kitabu cha kiada: tathmini ya mwalimu wa biolojia

Nafundisha biolojia sekondari, na wanafunzi wangu wanatumia vyote viwili: laptopu za shule na vitabu vya kiada vya kuchapishwa. Nianze na pale laptopu inaponifurahisha, yaani mada ya mzunguko wa damu. Kitabuni moyo umechorwa umetulia, na kila mara wapo wanaochanganya upande wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa mchoro unaonyesha moyo wa mtu anayekutazama. Kwenye laptopu wanauona ukidunda, wanausimamisha vali inapofunga, wanarudia. Hapo maswali hubadilika, mtoto anauliza kwa nini, haulizi tena wapi. Na mwanafunzi mwenye uoni hafifu anakuza maandishi mpaka yamtoshe bila kumwomba mtu. Kwa hilo peke yake nitazitetea.

Ila tukifika kusoma sura nzima, mathalani ya usanisinuru, nawaambia wafungue vitabu. Mada ile inamtaka msomaji arudi kwenye mchoro mara kwa mara. Kwenye karatasi kidole kinabaki kwenye mchoro huku macho yakiendelea na maelezo. Kwenye skrini anapandisha, anashusha, anapotewa na mstari. Kutafuta neno ni haraka, kweli, lakini anayetafuta "klorofili" husoma sentensi aliyoletewa na kuziacha zilizotangulia, zenye sababu yenyewe.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kuwa watu huelewa vizuri zaidi wakisoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya kueleza mambo na muda unapobana. Kwenye hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Kitabu cha kiada karibu chote ni maelezo! Uswidi nayo, iliyokuwa mbele katika kuingiza skrini madarasani, mwaka 2023 ilitenga fedha za kununulia shule vitabu vya kuchapishwa.

Kitabu kina mzigo wake pia: kinaelemea mgongo wa mtoto, na kosa likishachapwa linakaa humo hadi toleo jipya. Laptopu nayo inakula dakika za mwanzo wa kipindi kwa chaji na nywila zilizosahaulika.

Shule yenye fedha za kimoja tu inunue vitabu kwanza, kila mwanafunzi na chake. Fedha zikibaki, inunue laptopu chache za kuhamishwa darasa kwa darasa, zenye skrini isiyoakisi mwanga. Zetu zinaakisi, na mchana wanafunzi wanazigeuzageuza kukwepa dirisha.